Mchezaji wa ridhaa aliyeibuka bingwa wa dunia wa snuka: ilikuwaje?

Usiku wa Jumatatu, tarehe 5 Mei 2025, ilitoka habari kwamba Zhao Xintong, Mchina wa miaka 28, ametwaa ubingwa wa dunia wa snuka mjini Sheffield, Uingereza, kwa kumshinda Mark Williams 18 kwa 12. Vichwa vya habari vingi viliongeza neno moja: mchezaji huyo ni wa ridhaa. Neno hilo ndilo lililozua mkanganyiko.

Kesho yake jioni nilikuwa nasubiri zamu yangu kwenye meza ya pool mtaani kwetu, chaki mkononi, na mabishano yakawa ni hayo hayo. Mmoja alisema kama mtu wa ridhaa anaweza kuwa bingwa wa dunia, basi mchezo wenyewe haujakomaa. Mwingine akadakia kwamba huyo jamaa alifungiwa kwa kupanga matokeo, sasa imekuwaje arudi na kuishia fainali? Wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa ameinama anapiga, aliinua kichwa akauliza hizo 18 kwa 12 ni mabao ya nini, maana mezani pake palikuwa na mipira 15 tu ukiacha ule mweupe.

Yote matatu ni maswali ya haki. Nimeufuatilia mchezo huu kwa miaka mingi na ninaupenda, na kwangu mimi kilichotokea Sheffield mwaka ule ni miongoni mwa mambo makubwa kabisa kuwahi kufanywa na mchezaji mmoja katika mashindano mamoja. Lakini ukubwa wake hauonekani mpaka mambo machache yawekwe sawa. Tuanze na meza.

Snuka na pool ni ndugu wa tumbo moja, ila hawafanani tabia. Zote huchezwa kwa fimbo, mpira mweupe, na mashimo sita. Meza ya snuka, hata hivyo, ina urefu wa zaidi ya mita 3 na nusu, wakati hizi za mitaani kwetu hazifiki hata mita 2 na nusu. Mipira ya snuka ni midogo zaidi na midomo ya mashimo imechongwa kwa namna isiyosamehe: mpira ukigusa kona vibaya kidogo unatetema pale mdomoni na kubaki nje. Mtu anayetamba kwenye meza ya baa akipelekwa kwenye meza ya snuka, dakika kumi za mwanzo hujiona kama aliyesahau kila kitu.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye hesabu. Kwenye pool unamaliza mipira yako, kisha unatumbukiza mweusi, mchezo umekwisha. Kwenye snuka unatafuta alama. Mezani kuna mipira myekundu 15, kila mmoja una alama 1. Kisha iko ya rangi nyingine: wa njano alama 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, pinki 6, na mweusi 7. Ukitumbukiza mwekundu, unapata haki ya kupiga wa rangi. Ukiutumbukiza huo nao, unaongezewa alama zake, lakini mwamuzi anautoa shimoni na kuurudisha mahali pake. Mwekundu haurudi. Unaendelea hivyo, mwekundu, rangi, mwekundu, rangi, mpaka ukose. Ukikosa, unakwenda kuketi na mwenzako anainuka. Myekundu ikiisha yote, ile sita ya rangi inapigwa kwa mpangilio wa alama zake, kuanzia wa njano hadi mweusi, na safari hii hairudi tena.

Piga hesabu mwenyewe. Mtu akitumbukiza myekundu yote 15, na kila baada ya mmoja akachukua mweusi, hizo ni alama 8 mara 15, yaani 120. Ongeza 27 za mipira sita ya mwisho, unapata 147. Hiyo ndiyo namba takatifu ya mchezo huu. Ronnie O'Sullivan aliwahi kuikusanya kwa muda unaozidi kidogo dakika 5, mwaka 1997, kwenye ukumbi huo huo wa mashindano ya dunia, Sheffield.

Na neno lenyewe, snuka? Ndani ya mchezo lina maana ya kujificha: ukimwachia mwenzako mpira mweupe nyuma ya mpira mwingine, kiasi kwamba hawezi kuufikia kwa njia iliyonyooka ule anaotakiwa kuugonga, umemweka kwenye snuka. Asipougusa, alama za adhabu, 4 au zaidi, zinakuja kwako. Ndiyo maana mchezaji aliyekosa nafasi ya kufunga hakurupuki. Anautuma mweupe ukajibanze mahali pabaya, kisha anarudi kitini na kungoja kosa. Wengi wanaotazama mara ya kwanza hudhani vipigo hivyo vya kujificha ni uoga. Kwa macho yangu, nusu ya utamu wa mchezo iko hapo.

Asili ya neno hilo nayo ina hadithi yake. Mchezo ulizaliwa mwaka 1875 mjini Jabalpur, India, miongoni mwa maofisa wa jeshi la Uingereza, na anayetajwa kuuanzisha ni Neville Chamberlain, si yule aliyekuja kuwa waziri mkuu. Jeshini, "snooker" lilikuwa jina la kumtania kuruta, kijana aliyeingia chuoni jana na hajui kitu. Mwenzao mmoja alipokosa mpira wa wazi, Chamberlain alimwita kwa jina hilo, na mchezo ukalibeba. Kwa hiyo tangu mwanzo jina la mchezo huu ni mwanagenzi.

Sasa zile 18 kwa 12. Mzunguko mmoja wa kumaliza mipira yote mezani unaitwa fremu. Fremu ni kama seti ya voliboli: ukiichukua kwa 25 kwa 23 au kwa 25 kwa 8, ni seti moja tu. Mtu akishinda fremu kwa alama 147 au kwa alama moja, ubaoni inaandikwa 1. Matokeo ya mechi ni idadi ya fremu. Fainali ya dunia huwekwa fremu 35, na wa kwanza kufikisha 18 amevuka nusu, kwa hiyo zilizobaki hazichezwi. Zhao alishinda fremu 18, mpinzani wake 12.

Fremu 35 haziwezi kuchezwa kwa mkao mmoja. Fainali inagawanywa katika vipindi vinne kwa siku mbili, na kila kipindi huchukua saa kadhaa. Fikiria kesi mahakamani: hakimu anaiahirisha hadi kesho saa nne asubuhi, na ushahidi uliotolewa leo unabaki kwenye jalada. Wachezaji wanakwenda kula, wanakwenda kulala, na matokeo yanawasubiri pale pale. Kulala ukiwa nyuma kwa fremu tano si jambo dogo.

Ili uone alama na fremu zinavyoshikana, nikurudishe nyuma hadi fainali ya 1985, Steve Davis na Dennis Taylor. Davis aliongoza fremu 8 kwa 0. Taylor akarudi polepole mpaka ikawa 17 kwa 17, ikabaki fremu moja. Usiku wa manane ulishapita. Davis alikuwa na alama 62, Taylor 44, na mezani imebaki mipira minne: kahawia, bluu, pinki, mweusi. Jumla yake ni 22. Ukiziongeza kwenye 44 unapata 66. Maana yake ni kwamba Taylor alitakiwa atumbukize yote minne bila kuacha hata mmoja. Mmoja tu ukienda kwa Davis, kwaheri. Akaingiza wa kahawia. Akaingiza wa bluu. Akaingiza wa pinki. Sasa ni 62 kwa 59 na mpira mmoja mezani, wenye alama 7, ambao yeyote atakayeutumbukiza ndiye bingwa wa dunia. Walipokezana kuupiga na kuukosa. Davis akapata nafasi yake, mpira unaohitaji kuguswa kwa wembamba sana, akaukosa. Taylor akaupiga, ukaingia, akainua fimbo kwa mikono miwili juu ya kichwa. Fremu hiyo moja ilichukua dakika 68, na watu milioni 18.5 nchini Uingereza walikuwa macho kuitazama. Katika fainali nzima Taylor hakuwahi kuongoza hadi mpira ule ulipodondoka shimoni.

Mashindano haya ya dunia yalianza mwaka 1927, na Joe Davis akayashinda mara 15 mfululizo. Tangu 1977 yanafanyika kwenye ukumbi wa maigizo uitwao Crucible, hapo Sheffield. Ni ukumbi mdogo, wa watu 980, na viti vya mbele viko karibu na meza kiasi kwamba mtazamaji anasikia chaki ikisugua ncha ya fimbo. Katika hatua za mwanzo huwekwa meza mbili na pazia gumu katikati. Mchezaji ameinama kupiga, upande wa pili watu wanalipuka kwa makofi yasiyomhusu. Zikifika nusu fainali pazia linaondolewa, inabaki meza moja, na ukumbi wote unanyamaza kwa ajili ya mpira mmoja.

Wanaocheza Crucible ni 32. Kumi na sita ni wale walioongoza orodha ya ubora duniani, wanaingia moja kwa moja. Kumi na sita wengine wanatoka kwenye mchujo, ambao nao huchezwa Sheffield siku chache kabla, bila mbwembwe, bila watazamaji wengi. Anayeanzia chini kabisa ya mchujo lazima ashinde mechi nne ndipo aione Crucible, kisha tano nyingine ndipo abebe kombe. Mwaka 2025 Zhao alianzia huko chini.

Kwa nini aanzie chini mtu ambaye mwaka 2021 alishatwaa ubingwa wa Uingereza, mojawapo ya mataji matatu makubwa ya mchezo huu, na mwaka 2022 akachukua German Masters? Kwa sababu hakuwa na kadi.

Hapa ndipo neno ridhaa linapopotosha. Masikioni mwetu mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza kujifurahisha, baada ya kazi, au asiye na kiwango. Katika snuka ni jambo la karatasi. Msururu wa mashindano ya kulipwa una nafasi 128. Mwenye nafasi hapo ana kadi, anaitwa wa kulipwa. Asiye nayo, hata kama wiki iliyopita alikuwa wa tano duniani, anaitwa wa ridhaa. Dereva wa basi la mkoani aliyenyang'anywa leseni hasahau gia kwa sababu hana leseni. Mikono ni ile ile, macho ni yale yale. Kinachokosekana ni kadi mfukoni.

Swali la pili la kijiweni lilikuwa hilo: alikosaje kadi? Mwezi Januari 2023 chama kinachosimamia mchezo, WPBSA, kiliwafungulia mashtaka wachezaji 10 wa Kichina. Uamuzi ulitoka Juni mwaka huo, na wawili kati yao, Liang Wenbo na Li Hang, walifungiwa maisha. Zhao alikiri mambo mawili: kwamba alihusika mchezaji mwingine alipopanga matokeo ya mechi mbili, na kwamba aliweka dau kwenye mechi za snuka, jambo lililokatazwa kabisa kwa mchezaji. Hakutiwa hatiani kwa kupanga mechi yake mwenyewe. Adhabu ilikuwa miaka miwili na nusu, ikapunguzwa hadi miezi 20 kwa kuwa alikiri mapema. Ikaisha mwanzoni mwa Septemba 2024.

Naona adhabu ilistahili. Kamari ndiyo mchwa wa mchezo huu, kwa sababu ni mchezo wa watu wawili na mmoja tu akikubali kulegeza mkono, mechi imekufa. Anayesema Zhao hakustahili kurudi ana haki ya kusema hivyo. Ila aseme hivyo kwa kosa ambalo Zhao alilifanya, si kwa kosa alilobandikwa mtandaoni. Kifungo kilikuwa na mwanzo na mwisho, naye alikitumikia chote.

Alipomaliza, kadi yake ilikuwa imepotea. Akaenda kucheza Q Tour, ngazi ya chini ya ile ya kulipwa, na akafanya vizuri kiasi cha kujihakikishia kadi kwa msimu uliofuata. Lakini mashindano ya dunia ya 2025 yalikuja kabla ya msimu huo kuanza. Kwa hiyo wakati wa Crucible alikuwa mtu aliyekwishapata kazi lakini hajafika siku ya kuripoti.

Na aliruhusiwaje kushiriki? Hili linawakwaza wengi, ingawa tunalo mfano wake hapa nyumbani. Kombe la Shirikisho linapochezwa, timu za madaraja ya chini huingia, na safari nyingine moja humwondoa mkubwa. Mashindano ya dunia ya snuka yako hivyo: mchujo wake hutenga nafasi kwa wachezaji wa ridhaa. Mwaka 2019 James Cahill, wa ridhaa, alipenya mchujo akamtoa O'Sullivan 10 kwa 8 katika mechi ya kwanza ya Crucible. Tofauti ya Zhao ni kwamba hakuishia hapo. Hakuwahi kutokea wa ridhaa aliyebeba kombe lenyewe.

Safari yake aliimaliza hivi. Mchujo, mechi nne, kila moja hadi fremu 10. Crucible, mechi ya kwanza akakutana na Jak Jones, aliyekuwa amecheza fainali mwaka uliotangulia. 10 kwa 4. Kisha Mchina mwenzake Lei Peifan, 13 kwa 10. Lei alikuwa ametoka kumtoa bingwa mtetezi, Kyren Wilson, 10 kwa 9. Watu waliita hiyo laana ya Crucible, kwa kuwa tangu 1977 hadi mwaka huo hakuna aliyetwaa taji kwa mara ya kwanza akalitetea mwaka unaofuata. Mimi siamini laana. Bingwa mpya anaanza kila mechi akiwa ndiye windo la watu 31, na mechi ya kwanza ni fupi, haikupi muda wa kurekebisha makosa. Robo fainali, Chris Wakelin, 13 kwa 5.

Nusu fainali alimkuta O'Sullivan, bingwa wa dunia mara saba. Kipindi cha kwanza kiliisha 4 kwa 4, na ungedhani ni mechi ya kwenda mpaka mwisho. Kipindi cha pili Zhao alishinda fremu zote nane. Nane kwa mkupuo, mbele ya mtu ambaye wengi, nami nimo, wanamhesabu kuwa bora kuliko wote waliowahi kushika fimbo. Ikawa 12 kwa 4. Baada ya kipindi cha tatu ilikuwa 17 kwa 7, na kipindi cha nne hakikuhitajika.

Fainali ilikuwa kati ya mashoto wawili: Zhao na Mark Williams wa Wales, mwenye miaka 50, bingwa wa 2000, 2003 na 2018, aliyekuwa amewatoa John Higgins kwa 13 kwa 12 na Judd Trump kwa 17 kwa 14. Hakuna mtu mwenye umri mkubwa kama huo aliyewahi kucheza fainali Crucible. Zhao alimaliza kipindi cha kwanza akiwa mbele 7 kwa 1. Walilala ikiwa 11 kwa 6. Kipindi cha tatu kikaisha 17 kwa 8, ikabaki fremu moja tu.

Jioni ile Williams alikataa kuondoka. Akachukua fremu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. 17 kwa 12. Anayejua hadithi ya 1985 alianza kujipanga kitini. Zhao alikuwa ameketi tu akitazama, kwa sababu katika snuka mwenzako akiwa mezani huna beki wa kumzuia. Unakunywa maji na kungoja. Alipopata nafasi kwenye fremu iliyofuata aliitumia, na ikawa 18 kwa 12. Bingwa wa kwanza kutoka Asia. Miaka tisa kabla yake, mwaka 2016, Ding Junhui alifika fainali hiyo hiyo akashindwa na Mark Selby 18 kwa 14, na China nzima ikawa inangoja. Mwaka 2025 Wachina 10 walikuwa miongoni mwa wale 32.

Ukijumlisha, Zhao alishinda mechi tisa na fremu 111. Mtu aliyeingia moja kwa moja angehitaji mechi tano na fremu 71. Hizo 40 za ziada ndizo gharama ya kutokuwa na kadi.

Wapo wanaodhani wa ridhaa hakulipwa. Alilipwa paundi 500,000, zawadi kamili ya bingwa. Na kwa kuwa orodha ya ubora wa snuka hupangwa kwa fedha ambazo mchezaji ameshinda ndani ya misimu miwili, ushindi huo mmoja ulimpandisha kutoka nje ya orodha hadi nafasi ya 11 duniani. Kadi yake ikaanza kazi msimu wa 2025/26. Tena kanuni za mashindano humpa bingwa mtetezi nafasi ya kwanza katika ratiba ya Crucible, kwa hiyo mchujo unaofuata ungepigwa bila yeye, naye angengojwa ukumbini, ikitangazwa mechi ya kwanza.